Mkono Ulioshindwa Kanzu

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipotoka nyumbani Dunda alfajiri bila kujua niendako. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule mapema, nikikwea minazi ya watu Kaole na kwingineko. Lakini siku ile nilikuwa nakimbia.

Jana yake daktari alinionyesha picha ya bega langu la kulia. Gegedu, ile nyama ngumu laini inayotenganisha mifupa kiungoni, imelika, mfupa unasaga mfupa. Akasema kwa upole kwamba watakata kichwa cha mfupa, waniwekee kingine. Mimi nikasikia "kukata" na "kichwa" tu. Nikamuaga kuwa nakwenda kuswali, sikurudi kwake.

Lori la mchanga likanishusha Vigwaza, penye nyumba ya wageni. Mwenyewe, Mzee Kibwana, rika langu, alikuwa keshavaa kanzu. Salamu zilipokwisha, akalitazama shati langu la vifungo.

"Ijumaa hii, shehe wangu, kanzu umeiacha wapi? Umemkimbia mke?"

"Nimemkimbia daktari. Mkono haupandi, kanzu haivaliki."

Akafungua ukosi, akanionyesha kovu mbele ya bega. Yeye naye bega lililika hivyo hivyo; madaktari walianza kumsafisha kiungo kwa kamera, kupitia matundu madogo, nafuu haikudumu. Ndipo wakamwekea kichwa cha chuma na kikombe cha plastiki. Jirani yake wodini kano zinazoshika bega zilikuwa zimechanika, basi yeye wakamgeuzia: tufe likakaa penye kikombe, kikombe penye tufe, ili msuli wa nje wa bega uunyanyue mkono. Nikamhoji mpaka adhana ikatukuta.

"Na minazi, nitakwea?"

"Minazi sahau. Ila daktari atataka kujua mkono unautakia nini. Ulimwambiaje?"

"Nilitoroka kabla hajauliza."

Akanipa chumba cha uani na kanzu yake ya pili. Nilipoanza kuivaa kwa mkono mzima, kama nilivyozoea, akanizuia. "Mgonjwa kwanza," akasema, akaupenyeza mkono mbovu taratibu, kichwa kikafuata, mzima ukamalizia. Nilikwenda msikitini nimevaa kanzu, mara ya kwanza tangu mfungo uliopita. Usiku, nikiwa nimelala kwa ubavu wa kushoto, nikajua nitarudi kwa daktari, na nitakachomwambia: mkono nautakia kanzu.

Mwanangu, ukitajiwa kisu usiinuke kwanza. Uliza kinakatwa nini, kinawekwa nini, na usipofanyiwa itakuwaje. Kisha sema mkono wako unautakia nini, maana hilo daktari halioni pichani. Mola akujaalie viungo vyepesi, na kila Ijumaa kanzu yako uivae mwenyewe.