Shikamoo Niliyomnyima Mzee Salim

Asubuhi hiyo nilimpita Mzee Salim barazani kwake bila salamu, kama kawaida yangu. Frem zetu za biashara pale Kariakoo zilitenganishwa na ukuta mmoja. Yeye akiuza udi na ubani, mimi vitenge. Alikuwa rika la baba yangu. Lakini mwaka mzima alikuwa akimwaga maji ya kudekia mlangoni kwangu, yanalowesha majora yangu ya vitenge, na nikimwambia ananiuliza kama hilo baraza nimekuja nalo kutoka Rombo. Nikaapa kwamba shikamoo yangu hataisikia tena.

Na nilikuwa mtu wa kanisa, nisidanganye. Juma lililotangulia, kina mama wa jumuiya tulioshana miguu kanisani, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake, tukiimba. Miguu yenyewe ilikwishasuguliwa nyumbani, mingine ina rangi za kucha. Nililia machozi kabisa.

Saa nne milio ikaanza upande wa Mnazi Mmoja. Tulidhani ni matairi yanapasuka. Mara watu wakaja mbio, na nyuma yao wenye bunduki.

Nikashusha mlango wa chuma.

Kwenye upenyo nikamwona Mzee Salim ameanguka, kanzu imelowa damu chini. Amepigwa risasi kifundoni.

Nikasema moyoni, na abaki huko huko. Nilisema hivyo.

Akaanza kutambaa. Nikafungua, nikamburura ndani.

Tulijifungia mpaka adhuhuri. Nilimvua kiatu, nikamwosha kwa maji yangu ya kunywa, nikachana kitenge kipya nikamfunga. Kikaloa, nikachana kingine. Mguu ulikuwa na magaga na vumbi la mtaani. Hapo hakuna aliyeimba.

Akanitazama kwa chuki.

"Kwa mdomo ulikataa kunishika miguu," akasema. "Leo unaishika kwa mikono?"

Nilijua anadai shikamoo yake. Ikanifika kooni, nikakumbuka majora yangu.

"Tulia, mzee," nikamjibu kwa ukali. "Unajimaliza damu."

Nikajiambia nitampa akipona, pale pale barazani, watu wote waone nilivyomsamehe.

Milio ilipopoa, mwanawe Nassor alikuja na mkokoteni, tukampakia. Mzee alifia njiani, hospitali hawajaiona.

Mtaa mzima ulinisifu. Padri akanitaja kwenye mahubiri, eti mfano wa unyenyekevu. Nikainamisha uso kwa aibu, jirani yangu wa benchi akanipapasa mgongo, akidhani ndio unyenyekevu wenyewe huo.

Siku hizi Nassor ndiye anayeuza dukani. Maji ya kudekia anayamwaga upande wa pili. Kila asubuhi anainuka kitini na kuniamkia, shikamoo mama, kwa adabu zote.

Naitikia marahaba. Bado hajui kwamba baba yake aliisubiri ya kwangu mpaka damu ikamwishia.