Nilimfungia mama matobolwa kabatini, kumbe sukari ilitoka kwenye ini lake

Wakuu, habari za mapumziko. Hii imenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nimeiandika na kuifuta mara nyingi.

Nilimchukua mama kutoka Magu aje akae kwangu Ilemela, kisukari kilikuwa kinamsumbua. Alikuja na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu tunavyochemsha na kuanika. Kwetu mtu haji mikono mitupu, hata kwa mwanae.

Nikawa nampima. Analala sukari iko vizuri, asubuhi kabla ya chai imepanda. Siku ya nne nikang'aka.

"Mama, unakula matobolwa usiku!"

"Sijagusa, baba. Kweli kabisa."

Sikumwamini. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikafungia mfuko kabatini, ufunguo mfukoni. Mama alitoka akakaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, akawa anaangalia ziwa hadi mchana.

Kesho yake ikapanda tena! Ndipo nikampeleka kliniki moja Mabatini.

Daktari akaniuliza, "Nani kakwambia sukari inaingilia mdomoni tu?"

Akanieleza kwamba alfajiri ubongo unaagiza tezi zimwage homoni za kuuamsha mwili. Homoni hizo zinaliambia ini litoe sukari ya akiba. Kwa asiye na kisukari, insulini inaidhibiti. Kwa mama ilikuwa inashindwa. Akasema mawazo nayo hupandisha kwa njia hiyohiyo.

Na mawazo nani alimpa? Jamani.

Akambadilishia dawa, sukari ikatulia. Nilipiga magoti nikamwomba mama radhi, nikamrudishia mfuko wake. Akacheka. "Yameisha, baba."

Hayakuisha. Tangu siku ile hakula kitu kwangu bila kuniletea sahani kwanza niione. Hata kipande cha papai! Nilimsihi aache, akasema ameshazoea.

Mama ametutoka mwaka huu, moyo. Mfuko nimeukuta chini ya kitanda chake, haujafunguliwa tangu nilipomrudishia.

Nimemkumbuka, wakuu. Nimemkumbuka vibaya sana.

Nilichojifunza: kipimo kikikuchanganya, muulize daktari kabla hujamhoji mama yako kama mwizi. Wenye wazazi wanaopima sukari, semeni na nyie, nasoma zote.

Mimi kila nikikaa mezani naangalia mlango wa jikoni. Natamani atokee na sahani yake, nimwambie kula, mama.