Siku Wenye Reli Walipokuja Eagan

Nilimsubiri miezi mitano. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanihurumia bure. Alikuwa Mkenya, kiongozi wa zamu yetu katika ghala la mizigo kule Eagan, Minnesota, na aliandika herufi mbili za mwanzo za jina langu kwenye karatasi ambayo mkono wangu haukuigusa. Kwa herufi hizo mbili nilipewa barua ya onyo, na cheo nilichokwisha kuahidiwa kikayeyuka. Nilitaka mambo mawili: jina langu lisafishwe, na yeye aumbuke mbele za watu. La pili ndilo nililolitaka zaidi.

Na uchungu wenyewe ni kwamba mimi ndiye niliyempeleka pale. Alikuja kanisani kwetu Hopkins akiwa hana kazi, kijana mpole, ananiita mama, ananibebea masufuria baada ya ibada. Nikamwombea kazi. Mwaka haujaisha akawa bosi wangu, maana anajua kucheka na wazungu ofisini. Hilo sikumwonea wivu, au nilimwonea kidogo tu.

Ghala lile lilikuwa la kampuni ya Kijapani inayosafirisha mizigo kwa ndege. Sisi wafanyakazi tuliiita Reli, ingawa hapakuwa na reli hata moja, palikuwa na barabara kuu, theluji, na maegesho ya magari. Jina lilitokana na kitabu kilichowekwa mezani kwenye chumba cha chakula, kitabu kikubwa chenye picha, kinachoeleza historia ya kampuni mama. Wenzangu waliweka vikombe vya kahawa juu yake. Mimi nilikisoma.

Nilikisoma kwa sababu nimezaliwa Tabora, nyumba ya reli. Baba yangu alikuwa mgeuza njia za treni, yule anayevuta wenzo ili treni ishike njia yake isiende kuparamia nyingine. Tuliishi kwenye kota za reli, tulitibiwa zahanati ya reli, Jumapili baba alikwenda kuishangilia timu ya reli. Kwa hiyo nilipofungua kitabu kile nikaona ni kama nasoma habari za mtaani kwetu, ila za kwetu zilikwama njiani na hizi ziliendelea.

Hao Wajapani walianza na reli moja fupi, kutoka mjini kwenda mashambani, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kwenda. Watu wakawacheka. Wenye reli wakanunua yale mashamba, wakajenga nyumba, wakawaambia wafanyakazi wa mjini: hameni huku, hewa ni safi, na treni ipo. Wakahamia. Sasa asubuhi mabehewa yalijaa kwenda mjini na kurudi yalikuwa matupu, basi kule mwisho wa njia wakajenga bwawa la maji ya moto, bustani ya wanyama na ukumbi wa maonyesho, ili Jumapili watu wapande kwenda upande wa pili. Juu ya stesheni ya mjini wakaweka duka la ghorofa nyingi, ukishuka kwenye treni umeshaingia dukani. Wakaongeza mabasi, hoteli, timu ya besiboli, wakala wa safari. Na yule wakala wa safari, kwa kuwa alishajuana na watu wa ndege, akaanza kupeleka na vifurushi. Hicho kitengo cha vifurushi ndicho kilichokua, kikavuka bahari, hadi mimi nikajikuta Eagan nimevaa glavu na kizibao cha rangi ya machungwa.

Walikuja na tabia moja ya reli, na hawakukubali kuiacha. Kabla mzigo haujatoka, watu wawili wanasimama mlangoni. Mmoja ananyoosha kidole kwenye kila kitu na kukitaja kwa sauti: mlango, lebo, kipimajoto. Mwenzake anafuata kidole kwa macho na kujibu kwamba ni sawa. Ndipo wote wawili wanasaini. Madereva wao wa treni hufanya hivyo hivyo, kidole kwenye taa, kidole kwenye saa, na mdomo unasema, kwa sababu jicho peke yake huwa linapitiwa. Mjapani aliyetufundisha alisema tutumie lugha yoyote tunayoisikia moyoni. Basi mimi nilitumia Kiswahili.

"Mlango wa tatu, umefungwa," nilikuwa nasema kwa sauti ya baba yangu. "Lebo, Osaka. Kipimajoto, kijani."

"Iko muzuri, mama," anajibu mwenzangu. Huyo alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa Uvira, mfupi, mkimya, hajawahi kuchelewa hata siku ile barafu ilipofunika barabara zote.

Bosi wetu mpya hakuipenda tabia hiyo. Alikuja siku moja na wageni wa ofisini, akanikuta nimenyoosha kidole, akacheka ili wao wacheke.

"Wee mama, kwani unaongea na nani hapo?" akaniambia walipoondoka. "Hizi mlango hazina masikio. Unatuaibisha. Wachaneni na hiyo maneno, tuko bize."

"Ndiyo kazi tuliyofundishwa, mdogo wangu."

"Hapa si stesheni ya Tabora."

Akatutenganisha, akaniweka mimi upande wa kufunga plastiki, mwenzangu mlango wa nne. Karatasi za ukaguzi akazichukua yeye, akasema sahihi moja inatosha. Nikanuna, nikaacha. Ameamuru, afanye anavyotaka.

Januari ikaja. Mizigo yetu mingi ilikuwa vifaa vya hospitali, maana miji ya huku imejaa viwanda vya namna hiyo. Zilikuwepo boksi za vali za moyo, zile ambazo daktari anashona ndani ya kifua cha mgonjwa. Zinakaa ndani ya dawa ya maji, na dawa hiyo ikiganda, vali zimekufa. Asubuhi moja boksi hizo ziliachwa karibu na mlango ulio wazi, na Januari ya Minnesota haihitaji muda mrefu. Zilisafirishwa hivyo hivyo. Bahati nzuri wapokeaji kule Japani waliona alama ya baridi imebadilika rangi, wakazirudisha kabla hazijamfikia mtu.

Ofisini wakaitoa karatasi ya siku ile. Alama zote za vema zimewekwa, na chini, mahali pa mkaguzi, herufi mbili za jina langu. Nilisema sikuandika mimi, nilikuwa upande wa plastiki, lakini ofisini hawakuwa na habari kwamba nilihamishwa. Yeye alikaa pembeni na uso wa huruma, akasema, "Mama ni mtu mzuri, pengine alichoka." Jamani, mtu anakupakazia huku anakusifu. Nilipewa barua ya onyo. Cheo cha mkaguzi mkuu, kile nilichoahidiwa, wakasema kitasubiri.

Usidhani nililia. Nilikwenda kukaa ndani ya gari, nikawasha kipasha joto, nikaapa kwamba nitakula naye sahani moja. Jumapili aliponisalimia kanisani nilimwitikia vizuri kabisa, nikamuuliza na habari za nyumbani kwake Oakdale.

Wiki mbili baadaye nikaigundua siri yake. Ilikuwa asubuhi tu, hata lori la kwanza halijafika, nikapita mezani pake. Karatasi ya siku nzima ilikuwa imeshajazwa. Vema, vema, vema, mpaka mlango wa jioni. Na herufi zangu zilikuwepo. Kumbe hakuwa ameghushi siku moja tu, alikuwa anaghushi kila siku, kwa uvivu tu, kama mtu anayepiga chafya.

Ningeweza kuichukua ile karatasi na kuipeleka ofisini dakika ile ile. Nilifika mpaka kwenye ngazi. Halafu nikaona kwenye ubao wa matangazo kwamba mwezi wa sita mkubwa mmoja wa kampuni atakuja kutoka Japani kutembelea ghala. Nikashuka. Ofisini wangemwita chemba, wangemwonya kwa adabu, yakaisha. Mimi nilitaka hadhara.

Basi nikasubiri. Kila asubuhi nilipita, nikachungulia, nikaona herufi zangu, nikaendelea na plastiki yangu. Nilinenepa kwa furaha ya siri. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuniomba msaada mwezi wa tano: alitakiwa atoe hotuba fupi juu ya historia ya kampuni, na alisikia nimekisoma kile kitabu.

"Mama, niandikie tu kidogo, treni na maduka na nini."

Nikamwandikia kwa moyo mmoja: mashamba, nyumba, bwawa la maji ya moto, besiboli, vyote. Kitu kimoja tu nilikiacha. Kitabuni ilielezwa kwamba katika kampuni ile kila anayeajiriwa, hata aliyekusudiwa kwenda hotelini au dukani, huanzia stesheni, anafagia jukwaa, anatoboa tiketi, anasimama na kidole chake mlangoni mwa behewa. Picha ya mgeni wetu ilikuwepo, kijana mwembamba mwenye kofia na glavu nyeupe. Mtu kama huyo hawezi kuja ghalani akatosheka na hotuba. Nililijua hilo, nikanyamaza.

Siku ilifika, joto limeanza, milango yote iko wazi. Mgeni alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe, na binti mmoja wa ofisi ya Chicago alimtafsiria kwa Kiingereza. Bosi wetu alitoa hotuba yangu vizuri, watu wakapiga makofi. Mzee akainama kidogo kushukuru, kisha akasema angependa kuona mzigo mmoja ukitoka.

Tukaenda mlango wa tatu. Mzee akampisha bosi wetu kwa mkono, kama mtu anayemkaribisha mwenzake kucheza. Akasimama pembeni yake, tayari kujibu. Bosi akatazama mlango. Akamtazama mzee. Akanyoosha kidole nusu, akakirudisha, akacheka kile kicheko chake cha ofisini, na safari hii hakuna aliyecheka naye. 

Mimi nilikuwa nimeshika ubao wa karatasi za siku ile, nilioutoa mezani pake asubuhi. Nikautoa mbele kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nikampa mzee.

Akausoma. Akatazama saa yake ya mkononi, akainyooshea kidole, akataja saa: ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Akanyooshea kidole kisanduku cha saa kumi jioni, chenye vema. Akakitaja nacho. Binti wa Chicago alitafsiri kwa sauti ndogo, lakini ghala zima lilisikia.

"Hizi herufi ni zako?" mzee akaniuliza, akisoma beji yangu ya jina.

"Hapana," nikasema. "Ni zangu kwa jina, ameziandika huyu. Na zile za Januari ni yeye."

Roho yangu ilisuuzika. Siwezi kudanganya. Mwenzangu mmoja, Mkenya mwenzake, alikohoa ili asicheke. Yeye mwenyewe aliangalia viatu vyake, yule aliyekuwa ananibebea masufuria, na sikumhurumia hata tone. Mameneja walikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, jua lilikuwepo. Ilikuwa kama nilivyoipanga kwenye gari.

Mzee hakuwa amemaliza. Alinigeukia mimi.

"Umejua tangu lini kwamba karatasi zinajazwa hivi?"

Nilijibu kwa kujivuna, Mungu anisamehe. "Miezi mitano."

Akasubiri itafsiriwe, akatikisa kichwa polepole. Kisha akauliza kitu kifupi, na binti wa Chicago akakirudia bila kunitazama usoni.

"Katika miezi hiyo mitano, boksi za moyo zilizopita hapa, nani alikuwa anazitazama?"

 Nilijua nilikuwa wapi asubuhi zote hizo: nilikuwa nachungulia karatasi, sikuwa natazama boksi.

"Sijui," nikasema.

Hapo mama wa Kikongo, aliyekuwa mlango wa nne, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba za mlango wa nne alizitazama yeye. Zote. Alikatazwa kusema kwa sauti, basi alikuwa anasema kwa mnong'ono, anauliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Akaonyesha: kidole kwenye mlango, kidole kwenye lebo, kidole kwenye kipimajoto, midomo inatembea tu. Mzee akaenda akasimama karibu naye, akamjibu kwa Kijapani, kila kidole kwa neno lake. Za mlango wa tatu hakuna aliyezisemea.

Wiki ile ile bosi wetu aliondolewa kazini. Barua yangu ya onyo ilitolewa kwenye faili, meneja akaichana mbele yangu na kuomba radhi. Cheo cha mkaguzi mkuu walimpa mama wa Kikongo. Mimi nikawa wa pili wake. Kila asubuhi yeye alinyoosha kidole na kutaja, sasa kwa sauti, na mimi nilijibu, "Iko muzuri."

Jumamosi nilimpigia baba simu Tabora. Kisa chote cha Januari alikijua na kilimkaa rohoni. Katika kazi yake yote hakupata hata onyo moja, na kila nilipompigia aliuliza kama yule mtu bado yupo. Nikamsimulia jinsi alivyosimama na kidole nusu, jinsi mzee alivyoitaja saa. Baba alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nirudie pale pa saa, nikarudia. Akasema, "Umemkomesha, mwanangu. Umemkomesha kisawasawa."

Kisha akaniuliza, "Na kile cheo, wamekupa?"

Nikamwambia simu inakatika.