Fundi wa Mtoni na Kioo Cheusi

Kibanda cha fundi kompyuta pale Mtoni kimefungwa, na mluzi wake hausikiki tena. Najat alimpelekea kompyuta kuukuu iliyojizima kila alipofungua gemu ya mpira. Fundi aliichomoa memori, akaisugua kwa kifutio cha penseli, akaipapasa kwa kidole gumba, akairudisha.

"Nisomee mipangilio, sista, macho yako bado mapya," akatania, kama anavyowataniaga wateja wote. Najat akasoma; fundi akabonyeza, akapunguza kasi ya memori. Gemu ikafunguka, kelele za mashabiki zikalipuka.

"Umeona picha ilivyotulia?" fundi akauliza, akaendelea na mluzi wake.

Najat akatazama. Waya wa kioo ulikuwa umechomoka papo hapo. Kioo kilikuwa cheusi tititi.

"Fundi, kwani huoni?"

Mluzi ukakatika. "Usinitangaze, mdogo wangu. Nitakula wapi?"

Najat hakumtangaza, lakini kesho yake fundi hakufungua. Yuko Kigamboni, kwa dada yake.