Shule Niliyomchagulia Bakari

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona, ingawa imepita miaka zaidi ya ishirini. Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, na uwani kwangu hapa Nguvumali watu walikuwa wamejaa mikekani wakingojea pilau. Tulikuwa tumetoka kusoma dua ya kumuaga mtoto wangu wa kwanza, Bakari, aliyepata nafasi katika shule ya sekondari ya binafsi, shule ngumu kuingia, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka Tanga. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya, na furaha yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mwenye safari.

Nakuhadithia haya kwa sababu juzi ulinijia na fomu mbili za shule, moja mkono huu, moja mkono huu, ukaniuliza, "Mzee, mwanangu ana akili, nimpeleke wapi?" Sikukujibu. Nilikwambia unywe kahawa kwanza, maana sisi wazee tukikosa jibu huagiza kahawa. Leo nakujibu, na jibu langu ni refu, univumilie.

Wakati ule nilikuwa kijana, sijafika arobaini, fundi baiskeli. Kwetu ni Mkwaja, mimi ni Mzigua, na masomo yangu yaliishia darasa la saba. Bakari alikuwa akishika namba moja tangu alipoanza shule. Akirudi mchana anakuja kibandani kwangu, anafungua dainamo za baiskeli za watu ili ajue umeme unatokea wapi, na mara nyingine alikuwa anazirudisha zikiwa nzima. Alikuwa na maneno mengi, mtoto yule. Alikuwa anauliza mpaka wateja wengine wakimwona yupo wanapita moja kwa moja.

Alipomaliza darasa la saba tulimpeleka kufanya usaili katika shule mbili. Moja ni hiyo ya mbali, ambayo matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa jina lake husomwa juu kabisa. Ya pili ilikuwa ndogo, upande wa Pongwe. Nayo ilikuwa ya binafsi, nayo ilikuwa haichukui kila mtu, ila sifa yake haikuvuka Muheza. Bakari akafaulu kote kuwili.

Siku aliyorudi kutoka Pongwe alikuwa hashikiki. Aliniambia mwalimu wa sayansi alimuuliza anapenda nini, naye akasema dainamo, basi mwalimu akatoa moja kabatini wakaifungua pamoja. "Baba, nikamuuliza kitu, akasema hakijui, ati tukitafute wote." Hakuwahi kumwona mwalimu anayekiri hajui. Mimi nikamjibu, mwalimu asiyejua ana faida gani? Nikacheka. Yeye alicheka kidogo, akaingia ndani.

Nikachagua ya mbali. Nitakwambia kweli niliichagulia wapi: kwenye baraza la kahawa. Nililitaja jina lake mbele ya wazee, wakasema "Mashaallah", na mmoja akanisogezea kiti chake. Tangu nizaliwe sijawahi kusogezewa kiti na mtu aliyenizidi umri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nililitia maji kwelikweli. Siku ileile nikatangaza dua, nikaalika mtaa mzima, kabla sijamuuliza mtoto mwenyewe. Mama yake alisema tungoje kidogo, tumsikilize. Nikamwambia mambo ya shule aniachie mimi, na mimi ndiye niliyeishia la saba.

Basi turudi uwani. Watu wamekaa, sahani zinapangwa, akaingia Mzee Kulwa. Huyu alikuwa jirani yetu, Mnyamwezi, Mkatoliki, mzee wa makamo ya baba yangu, aliyekata mkonge ujana wake wote huko mashambani. Nyie vijana wa siku hizi mnasikia tu habari za utani, lakini sisi tumeuishi. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kukamata kitu chako mbele za watu na asikiachie mpaka ukikomboe.

Mzee Kulwa akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la chuma la Bakari, lile la shule, lililokuwa limewekwa karibu na mlango ili kila mtu alione, akalikalia.

"Haliondoki hili," akasema. "Mababu zako wakati wa njaa waliuza watoto kwa vibaba vya mtama. Wewe njaa huna, unamuuza wako kwa sifa."

Watu wakacheka, hata shehe alicheka. Nikamuuliza anataka nilikomboe kwa kitu gani, jogoo?

"Jogoo sitaki. Mtoto aseme mwenyewe, hapa, anataka kwenda shule ipi."

Wakacheka tena. Bakari alikuwa amesimama kizingitini na birika la kunawisha watu mikono. Akafungua mdomo. Nilimwona, mwanangu, nisikudanganye. Akafungua mdomo aseme, nami nikamuwahi: "Mpeni mnofu huyo Mnyamwezi, njaa inamsemesha." Watu wote uwani wakaangua kicheko. Mzee Kulwa akanitazama, akainuka taratibu, akaniachia sanduku langu. Jogoo niliyemkamatia hakumchukua.

Kosa langu liko hapo. Utani humpa msemaji nafasi ya kusema kweli, na humpa msikiaji nafasi ya kucheka na kupita. Mimi nikacheka, nikapita. Angesema mtu asiye mtani wangu, angalau ningekasirika, na mwenye hasira hulifikiria alilokasirikia.

Bakari akaenda. Kila mwezi alituandikia barua: hajambo, anasoma kwa bidii, tuwasalimie wote. Ripoti ya kwanza ilipokuja alikuwa katikati ya darasa, yeye aliyezoea namba moja. Nikamwandikia akaze buti. Likizo akaja, amekonda, akawa analala mchana na kibandani haingii. Mteja mmoja akaniuliza, "Yule muulizaji wako yuko wapi?" Nikasema amekuwa mtu mzima. Mama yake akaniambia, "Baba Bakari, mtoto hasemi." Nikamjibu kuwa huo ndio utulivu wa msomi. Kila aliyenionesha kitu nilikuwa na jibu lake tayari.

Sheria ya shule ile ilikuwa kwamba asiyefikia wastani mwisho wa kidato cha pili anaondolewa. Ndivyo shule kama hizo zinavyotunza jina. Ilikuwa imeandikwa kwenye fomu, nami niliitia sahihi. Kwenye fomu ile nilisoma jina la shule pale juu, mengine sikuyasoma.

Katikati ya kidato cha pili, asubuhi moja, Mzee Kulwa akaja kibandani. Akavua kofia, akasema, "Umeamkaje, Baba Bakari?" Mwanangu, tangu tujuane alikuwa akiniita Mzigua, au mla nguruwe pori, au majina ambayo sitayataja. Hakuwahi kuniita Baba Bakari. Mtani akikujia na adabu, kuna jambo. Niliweka spana chini hata kabla hajasema.

"Leo sikuja na utani," akasema, akatoa barua mfukoni.

Ilikuwa barua ya Bakari, mwandiko niliujua. "Babu Kulwa, shikamoo," aliandika. "Nakuandikia wewe kwa sababu siku ile uliniuliza. Huku siwezi, babu. Nikishika kalamu hata ninachokijua kinapotea, na chakula hakipiti. Nataka kurudi, lakini baba nitamwambiaje? Watu wameshakula pilau."

Niliisoma mara tatu. Nililia palepale, mteja amesimama na gurudumu lake mkononi hajui aondoke au abaki. Niliumia, nikaona haya, na wivu pia ulinishika, sitakuficha. Mtoto ni wangu, shida ni yake, na barua imekwenda kwa mtu mwingine.

Mzee Kulwa hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alikaa juu ya benchi la wateja, akangoja nimalize kulia, kisha akasema, "Mimi nilimuuliza mara moja tu, tena kwa mzaha, na mtoto akalishika swali lile mwaka mzima na zaidi. Wewe unaishi naye. Ungemuuliza mara ngapi?" Akavaa kofia yake. "Nenda kamchukue."

Kesho yake nilipanda basi. Mwalimu mkuu wa kule alikuwa mtu mwema, alinipokea vizuri, akaniambia mtoto si mjinga, ila mwendo wa pale umemshinda. Na nikwambie lililo kweli, maana sitaki uondoke hapa ukidhani shule ngumu ni shule mbaya: niliona vijana pale wanakwenda darasani wanabishana hesabu huku wanacheka, wamenawiri. Shule iliwafaa wao. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Bakari akaletwa. Akasema, "Shikamoo, baba." Nikaitikia. Neno lake la pili lilikuwa, "Watu umewaambiaje?"

Mtoto wa miaka kumi na minne, haulizi atasoma wapi, haulizi kama nimekasirika. Anauliza habari ya uso wangu mbele za watu. Nilimwekea mzigo ule mimi mwenyewe, na alikuwa ameubeba mpaka umemkondesha. Nikamwambia, "Sijawaambia kitu. Nimekuja kukusikiliza." Tukakaa karibu na geti, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikanyamaza. Alianza na mambo madogo, baridi, maharage yenye mawe. Nikawa naitikia tu. Ilipita muda mrefu ndipo akafika kwenye lenyewe, na alipofika alilia kama mtoto mdogo, nami nikamshika.

Shule ya Pongwe ilimfanyia usaili upya, ikampokea. Na baraza la kahawa? Walimsema wiki moja. Wiki ya pili bwana mmoja akaoa mke wa tatu, Bakari akasahauliwa. Mwaka mmoja na nusu mtoto wangu aliteseka kwa kuogopa maneno ya wiki moja.

Sasa ni mtu mzima, anatengeneza mitambo ya hospitali, ana watoto wawili, na maneno yake yamerudi yote, akija nyumbani hatupumui. Lakini majuto ni mjukuu, mwanangu. Akili yake haikupotea. Kilichopotea ni kingine. Kwa miaka mingi, kila alipokuwa na jambo zito alimpelekea Mzee Kulwa kwanza, mimi nikilipata baadaye, likiwa limeshapoa. Sikumlaumu. Mzee Kulwa alipofariki tulimzika kwa heshima zote, nikafanya utani wangu wa mwisho kaburini kama desturi inavyotaka, na moyoni nilijiuliza sasa mtoto atampelekea nani.

Mwaka jana, asubuhi, simu ikalia. Bakari. Akasema kuna jambo kazini limemwelemea, anaogopa, na hajamwambia mtu yeyote. Nilikaa na simu sikioni mpaka sikio likauma, sikumkata neno hata moja. Tulipomaliza nililia, mama yake akaja mbio akidhani pana msiba. Nikamwambia hapana, mtoto ameniambia.

Basi zichukue fomu zako. Sitakwambia ipi, maana mtoto wako simjui kama unavyomjua, na pengine nawe humjui kama unavyodhani. Zisome mpaka chini, hasa yale maandishi madogo. Fika kwenye hizo shule siku ambayo hawakukualika, uwaulize wanamfanyia nini kijana mwenye akili siku akianza kushindwa, kwa sababu wakati anaposhinda kila shule ni nzuri. Msikilize mama yake. Jina la shule usilipeleke barazani, na dua ya watu wengi iache mpaka arudi likizo ya kwanza na wewe umtazame usoni. Na kabla ya yote hayo muulize mwenyewe anataka nini, kisha unyamaze. Atakachosema cha kwanza kitakuwa kidogo. Ngoja. Hata akichagua usichokipenda na ukaona lazima umkatalie, mkatalie akiwa ameshasema, na umwambie kwamba mlango wa kurudi upo, na kwamba hakuna pilau duniani inayoufunga.

Mwenyezi Mungu amkuze mwanao katika afya na elimu yenye manufaa. Ampe walimu wenye huruma na wenzake wema. Nawe akupe subira ya kusikia, na siku mwanao atakapoelemewa, popote atakapokuwa, na umri wowote atakaokuwa nao, akujaalie uwe wewe wa kwanza kuambiwa. Amina, mwanangu.