S.T.M. kwenye Ubao wa Kwaya

Mazoezi ya Noeli ya mwaka ule nayakumbuka, mwanangu, na hasira yake haijapoa mpaka leo. Nakuita mwanangu ingawa niliyemzaa ni baba yako, kifungua mimba wangu. Kaa chini. Zima hiyo simu kwanza, maana ndiyo iliyonikasirisha.

Nilikuwa msichana, naimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu hapa mjini Baraka. Chaki ilikuwa ya shida, kwa hiyo mwalimu wa kwaya aliandika nyimbo za Noeli kwa herufi za mwanzo tu. Anayeutambua wimbo anauanzisha, wengine wanaupokea. Ulikuwa mchezo mtamu, na nilikuwa mwepesi kuliko wote, wala sijisifu bure.

Siku hiyo aliandika S.T.M. Wimbo wenyewe ulikuwa "Sifa Toka Milimani", wa wachungaji wanaoshuka na mbuzi wao kumwona mtoto, na kila mara niliuanzisha mimi. Jina langu unalijua: Sifa. Kabla sijafungua kinywa, kijana mmoja wa safu ya besi akapaza sauti: "Sifa Tumbo Mbele!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Nilikuwa na mimba, bila mume, na nguo zilikuwa zimeshindwa kuificha. Aliyenipa mimba hiyo alikuwa amekaa kwenye besi hizo hizo, naye akacheka, tena meno yote nje. Simtaji. Mungu anamjua.

Mwalimu hakumkemea mtu. Alipangusa jasho, akaniambia, "Sifa, we utabakia. Fizi hautapanda na sisi, kwaya isipate haya." Tulikuwa tumealikwa kuimba Noeli kule Fizi, juu milimani, na mama yangu alikuwa ameshaniazimia kikwembe kipya cha kujifunga. Nikaokota kandambili zangu, nikaelekea mlangoni. Niliapa moyoni kwamba sitaimba tena maishani.

Hapo akainuka Mama Anunga, mwimbaji mkongwe kuliko wote, mwenye ulimi ulioogopwa hata na pasta. Akampokonya mwalimu chaki, akaandika herufi kubwa zilizopinda: M.T.M.

"Musome," alisema, akigonga ubao kwa chaki.

"Munashindwa? Mi nitabasomea. Maria Tumbo Mbele. Alitembea nayo mpaka Betelehemu, akafungiwa milango. Mucheke basi! Meno yenu si iko tayari?"

Hakucheka mtu. Akamgeukia mwalimu. "Sifa akibakia, ufute na Maria mu nyimbo zote. Halafu tutapanda Fizi kuimba nini? Mbuzi?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Nikarudi mahali pangu, nikauanzisha wimbo. Na Fizi nilipanda, nimekaa mbele ya lori kando ya dereva, kwa amri ya Mama Anunga.

Sasa wewe! Leo asubuhi umenionyesha mchezo wenu wa kwaya kwenye simu, kutambua nyimbo za Noeli kwa herufi. Nilifurahi kweli. Kisha nikaona F.T.M., na chini yake vicheko, na chako kimo. Furaha, binti wa yule mama muuza samaki wa ndagala, haji tena mazoezini, na mimba yake kila mtu anaiona. Ulidhani bibi hataelewa? Kumbe tusi lile lingali hai, na sasa linakaa mfukoni mwa mjukuu wangu! Nimeona aibu kuliko siku ile ya ubao.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Wahenga walisema pia, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nawe una dada wawili. Basi sikiliza. Mtu hasomwi kwa herufi ya mwanzo. Ukimwona na mzigo, msaidie kuubeba, na kama huwezi, funga mdomo. Inuka uende kwa Furaha sasa hivi, kwa miguu yako, si kwa simu. Mwombe radhi mbele ya mama yake. Mwambie wimbo wa kwanza Noeli hii anauanzisha yeye, na anayetaka kucheka aje acheke mbele yangu.

Tumbo lile walilolicheka, mwanangu, lilikuwa baba yako.

Mungu akupe kinywa kinachoponya, akupe uzee wenye watu wa kukuimbia. Hiyo ndiyo baraka yangu, lakini bado naishika mkononi. Utaipokea ukirudi kutoka kwa Furaha.