Muhtasari Usio na Hodi

Juzi, katika saiba moja ya Kitale, duka la intaneti, nilimkuta nesi kutoka Sirisia akijiandaa kwa mtihani wa Kiingereza ili aende kazi ng'ambo. Katika zoezi moja, simu inakupa hotuba, nawe unaifupisha kwa mdomo kabla kengele haijalia.

Akamsalimu mtahini asiyeonekana. Akamshukuru mwenye hotuba. Kengele ikalia.

"Si uende moja kwa moja, bana!" akasema mwenye saiba.

"Ati niingie kwa mtu bila hodi?"

Nikamkumbuka nyanya yangu wa Matulo. Hata akileta habari za msiba, aliulizia kwanza ng'ombe, mahindi, watoto. Alipofika kwenye kifo, tulikuwa tumeshaketi.

Siku hizi msiba hunifikia kwa simu, mstari mmoja, nikiwa bado nimesimama.